Endelea Tu, Karatasi Zinakuja

Mkataba wangu na hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja ulimalizika tarehe 31 Mei mwaka jana, na kazi yenyewe niliiacha tarehe 4 Oktoba. Baina ya tarehe hizo mbili ipo miezi minne ambayo mafundi wangu walipanda gari kila Jumatatu na kila Alkhamisi, wakafungua viyoyozi, wakaosha koili, wakajaza gesi na kurudi mjini jioni, bila ya kuwapo karatasi hata moja yenye saini inayosema kwamba wanatakiwa pale. Habari hii nimeiandika na kuifuta mara kadhaa, kwa sababu haimpendezi mtu mwenye miaka 19 katika ukandarasi kukiri kwamba alifanya kosa ambalo angemkanya mwanafunzi wake asilifanye.

Kazi yenyewe ni ya matengenezo: viyoyozi 58, pampu mbili za maji, pampu moja ya bwawa la kuogelea, na jenereta. Mtu asiyewahi kufanya kazi kando ya bahari hudhani kiyoyozi ni kiyoyozi popote kilipo, lakini kile kilichofungwa mjini Mkunazini na kile kilichofungwa hatua 40 kutoka ufukwe wa mashariki havizeeki pamoja. Kusi linapovuma, upepo hutoka baharini moja kwa moja na kuirushia sehemu ya nje ya kiyoyozi chumvi usiku na mchana. Vile vijisahani vyembamba vya alumini vinavyozunguka mabomba ya shaba ya koili huanza kufanya unga mweupe, na ukivipitishia kidole vinamomonyoka. Dawa yake ni kuosha kwa maji matamu kila baada ya wiki mbili, kimoja baada ya kimoja, bila ya kuruka hata kile kilichojificha nyuma ya jiko. Kwa hiyo tarehe 31 Mei haikuangukia wakati wa mapumziko. Iliangukia mwanzo wa miezi ambayo hoteli ile hutuhitaji kuliko miezi myengine yote, kwani masika yamekwisha, wageni wa Julai na Agosti wameshakata tiketi, na kusi ndiyo kwanza linashika kasi.

Mapema mwezi wa Mei nilimwendea meneja, bwana mstaarabu kutoka bara ambaye kwa miaka miwili hatukuwahi kukwaruzana, nikamweleza kwamba muda wetu unakwisha na kwamba bei ya gesi na ya mafuta ya gari imepanda, kwa hivyo kiwango cha shilingi 3,400,000 kwa mwezi hakitoshi tena na naomba kiwe 3,900,000. Akakubali pale pale. Akasema kiwango hakina tatizo, ila wenye hoteli wako Ulaya na saini ni yao, si yake, na rasimu ameshawapelekea. Tarehe 30 Mei nikampigia simu kuulizia rasimu hiyo, hakupokea, lakini baada ya dakika chache akanitumia ujumbe wa sauti wa sekunde 11 ambao ninao mpaka leo: “Shekhe wangu, wewe endelea tu, karatasi zinakuja.” Nikamjibu “inshaallah”, nikaenda kuwapangia mafundi kazi za wiki.

Nimejiuliza sana kwa nini sikujibu vyenginevyo siku ile. Hofu ya kumpoteza mteja ilikuwapo, na mishahara ya mafundi wanne ilikuwapo, lakini nikisema kweli, kilichonifunga mdomo ni haya, yaani kuona aibu. Kwetu hapa, kumwambia mtu mliyefuturu naye kwenye mkeka mmoja kwamba gari yako haiingii getini mpaka atie saini ni sawa na kumwambia kwamba humuamini, na unajua kwamba kesho utakutana naye Darajani, au mtasimama safu moja kwenye maziko ya mtu. Sitaki kuibeza haya, kwani ni malezi yetu na ndiyo yanayotufanya tuishi kisiwa kimoja bila ya kugombana kila siku. Ila siku ile niliipeleka pahali pasipokuwa pake. Niliyekuwa nikimdai saini hakuwa yule bwana, bali ni kampuni ambayo sijapata kuiona sura yake.

Ankara ya Juni niliiandika kwa 3,900,000. Tarehe 9 Julai mhasibu akalipa 3,400,000, na nilipomuuliza akaniambia kwamba kwenye kompyuta yake kiwango bado ni kile cha zamani, tofauti itarekebishwa mkataba mpya ukishaingia. Nikaona ni jambo dogo, nikanyamaza. Nitayarudia malipo hayo baadaye, maana yaliniokoa na kunitia hasara kwa mpigo mmoja.

Ankara ya Julai haikulipwa. Ya Agosti nayo haikulipwa, pamoja na ankara ya kompresa tatu, zile pampu za gesi za ndani ya kiyoyozi, tulizozibadilisha mwezi huo huo, ambazo nilizinunua kwa fedha yangu kwa shilingi 2,740,000. Kila nilipouliza, jibu lilikuwa kwamba mfumo wa malipo unadai namba ya mkataba na namba ya zamani imeshafungwa. Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angesimamisha gari. Mimi nilihesabu kwamba wananidai uaminifu wangu nami nawadai milioni zangu, na kwamba nikiondoka katikati ya msimu nitaonekana mimi ndiye niliyevunja.

Tarehe 19 Agosti, kiasi cha saa nne asubuhi, fundi wangu mmoja alianguka kutoka kwenye ngazi nyuma ya jengo la mapokezi. Mguu mmoja wa ngazi ulikuwa juu ya jiwe lililolowa maji ya kuoshea koili. Ngazi ikateleza kwa nyuma, naye akashuka nayo akiwa bado ameishika brashi mkononi. Nilipofika mbio kutoka chumba cha jenereta nilimkuta amekaa kwenye mchanga, mkono wa kushoto ameuweka juu ya paja kama kitu kisichokuwa chake, na neno la kwanza aliloniambia ni: “Fundi, ile ya pembeni sijaimaliza.” Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Tulimpeleka hospitali ya Mnazi Mmoja, akafungwa plasta, akakaa nyumbani wiki sita.

Nilikuwa na bima. Niliikata mwanzo wa mkataba kwa ajili ya kazi ile, na kwa kuwa niliikata kwa ajili ya kazi ile, iliandikwa kwa jina la mkataba ule na kwa tarehe za mkataba ule. Ofisa wa bima alinipokea vizuri, akanipa na kahawa, kisha akaniomba kitu kimoja tu, yaani nakala ya mkataba ulio hai. Nilikuwa na sekunde 11 za sauti. Matibabu na mshahara wa wiki sita nikavitoa mfukoni mwangu, wala siwalaumu wenye bima, kwa sababu hati yao ilisema waziwazi inaanza lini na inakwisha lini, na aliyeacha kuisoma ni mimi. Nalitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu wenzangu wengi, tukizungumza habari ya kufanya kazi bila mkataba, hufikiria malipo peke yake. Malipo yanaweza kuchelewa na hatimaye yakaja. Tarehe ya bima ikishapita haina wa kuombwa.

Mwisho wa Septemba meneja yule alihamishwa, akaja mwengine, kijana wa mjini mwenye adabu zake, aliyeniamkia shikamoo kabla sijakaa. Jalada langu lilikuwa wazi mezani kwake. Akasema: “Mzee wangu, nimezisoma ankara zako. Mkataba ulikwisha 31 Mei. Sasa mimi nilipe kwa karatasi gani?” Nikamsikilizisha ule ujumbe wa sauti. Akausikiliza ameinamisha kichwa, kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili, akaniambia kwamba aliyesema maneno yale hayupo tena, na alipokuwapo hakuwa na mamlaka ya kutia saini mkataba. Hakunena kwa ukali, na hilo ndilo lililonikata maini. Nilitoka nje nikawaambia vijana wakusanye vifaa.

Wakili niliyemwendea ana ofisi yake Vuga na ni rika la marehemu baba yangu, kwa hivyo aliniita mwanangu na alinigombeza kwanza kabla ya kufungua kitabu. Swali lake la mwanzo sikulitegemea. Aliniuliza: “Kazi yako hukatwa na tarehe, au hukatwa na kukamilika?” Akanifafanulia kwamba mjenzi aliyepewa nyumba aijenge kwa miezi kumi na ikafika mwezi wa kumi na moja hajaezeka, mkataba wake haufi kwa tarehe kupita. Bado anadaiwa nyumba, na anachokihitaji ni nyongeza ya muda ili asikatwe fidia ya kuchelewa. Ndiyo maana mikataba ya ujenzi ya mtindo wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), ule wa 1999, humpa mkandarasi siku 28 za kutoa taarifa tangu alipolijua au alipopaswa kulijua jambo linalomchelewesha, na akizipitisha kimya huipoteza haki yake. Kazi ya matengenezo, ya ulinzi, ya usafi au ya ushauri haiko hivyo. Hiyo imewekewa mwanzo na mwisho, na siku ya mwisho ikipita, kinachoendelea baada yake ni kitu chengine kinachotafutiwa jina.

Jina lake, alivyonieleza, linaweza kuwa mojawapo ya mawili. Sheria yetu ya mikataba hapa Zanzibar, Sura ya 149, si ile inayotumika Tanzania Bara, ambayo ni Sura ya 345, lakini zote mbili zina bibi mmoja, nayo ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliisambaza katika nchi walizozitawala za upande huu wa bahari. Ndiyo maana mawakili wetu husoma kesi za Kihindi mpaka leo. Katika ukoo huo wa sheria, pande mbili zinaweza kuhesabiwa kuwa zimefunga mkataba kwa vitendo vyao, bila ya saini, iwapo mmoja anatoa huduma na mwengine anaipokea na kuilipia kama ilivyokuwa kabla. Hilo ni jina la kwanza. Na pale ambapo mkataba haupatikani hata kwa njia hiyo, kipo kifungu cha 70 cha sheria ile ya India, ambacho kwa maana yake kinasema kwamba mtu akikufanyia jambo kwa njia ya halali, bila ya kukusudia kukupa bure, nawe ukalifaidi, unapaswa kumfidia au kumrudishia.

Akanitolea mfano wa kampuni ya B.K. Mondal huko Bengal. Mwaka 1944 maofisa wa serikali waliitaka iwajengee maghala ya muda na majengo mengine kwa ajili ya idara ya ugavi. Ikajenga, serikali ikayatumia, kisha ikakataa kulipa kwa hoja kwamba hakukuwa na mkataba uliotiwa saini kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Shauri lilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya India, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikubali kwamba kweli hapakuwa na mkataba halali, ila ikaamua kwamba serikali ilikuwa na uwezo wa kuyakataa yale majengo na haikuyakataa, basi ilipe. Wakili alipofika hapo akanyanyua kidole: “Lakini mwanangu, angalia walilipwa nini. Walilipwa thamani ya kitu kilichopokewa. Hawakulipwa mkataba.”

Sikulifahamu neno hilo mpaka nilipokaa nyumbani na kusoma kesi nyengine, hii ya Uingereza, ambayo aliniandikia jina lake nyuma ya kadi yake. Kampuni ya RTS Flexible Systems ilikuwa ikimtengenezea Molkerei Alois Müller, mwenye viwanda vya mtindi, mitambo ya kufungashia bidhaa zake. Mwaka 2005 walianza kazi kwa barua ya nia tu, yaani makubaliano ya awali kabla ya mkataba wenyewe, yenye muda maalumu, huku mkataba kamili ukiendelea kuandikwa. Muda wa barua ukaisha, ukaongezwa siku chache, ukaisha tena, na kazi ikaendelea. Saini haikuja kamwe. Mgogoro ulipozuka, Mahakama Kuu ilisema mkataba upo lakini ni mfupi, usiokuwa na yale masharti ya kawaida waliyokuwa wakiyajadili. Mahakama ya Rufaa ikasema hakuna mkataba wowote. Na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema upo, na masharti yale yamo ndani yake. Mahakama tatu, majibu matatu, kwa kampuni mbili zenye mawakili wa kulipwa kwa saa. Nilipoisoma nilicheka peke yangu barazani, mke wangu akauliza kuna nini.

Basi neno la yule wakili mzee lilikuwa hili, na ndilo ninalotaka kuliweka mbele ya wenzangu: si kweli kwamba anayeendelea bila saini anafanya kazi ya bure, kama wanavyotutisha, kwa sababu sheria ina njia ya kumlipa. Kinachopotea ni masharti. Unapoteza kiwango mlichokubaliana kwa mdomo, siku 30 za kulipwa, faida yako juu ya vipuri, ukomo wa dhima yako kitu kikiharibika, na bima iliyofungwa na zile tarehe. Unabaki na kazi uliyoifanya, ikithaminiwa na watu wengine.

Nami nilithaminiwa. Madai yangu yalikuwa hivi: miezi mitatu, Julai mpaka Septemba, kwa 3,900,000 kila mmoja, ni 11,700,000, tofauti ya Juni 500,000, na kompresa tatu pamoja na faida ya asilimia 15 iliyomo katika mkataba wa zamani, 3,151,000. Jumla 15,351,000. Siku nne za Oktoba sikuzitia. Hoteli ilijibu kwa barua fupi kwamba italipa 12,940,000, yaani miezi mitatu kwa kiwango cha zamani na kompresa kwa bei ya dukani. Kiwango kipya walikikataa kwa ushahidi wangu mwenyewe: walilipa Juni kwa 3,400,000, nami nikapokea bila ya kuandika hata mstari mmoja wa kupinga. Malipo yale ya tarehe 9 Julai ndiyo yaliyothibitisha kwamba baada ya 31 Mei walikuwa bado wananitambua, na bila ya hayo nadhani mazungumzo yangekuwa marefu zaidi, lakini yaliwathibitishia pia kwamba tunaendelea kwa bei ya jana.

Kilichonikera mpaka leo ni zile 411,000 za faida ya vipuri. Madhali kiwango cha zamani kinatumika kwa sababu mkataba wa zamani unaendelea, basi na asilimia 15 imo katika mkataba huo huo, ukurasa wa tatu. Wao walichukua kiwango kutoka kwenye mkataba, kisha wakasema kwenye vipuri hakuna mkataba. Wakili aliniambia kwamba hoja yangu ni nzuri na kwamba kuisimamisha mahakamani kutanigharimu zaidi ya hiyo 411,000, nikamuelewa. Nililipwa kwa mafungu mawili, la mwisho likaingia Januari.

Na hata hizo nilizilipwa kwa sababu ya daftari. Tangu mwanzo nilikuwa na mazoea ya kuwapa mafundi daftari la jalada gumu, lile la mistari linalouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya skuli, na kila ziara waandike tarehe, vyumba walivyoingia na walichokifanya, kisha msimamizi wa ufundi wa hoteli atie saini chini ya maneno “kazi imepokewa”. Lile la mwaka jana kurasa zake zimevimba kwa maji ya koili, na kwenye baadhi yake wino wa buluu umetapakaa, lakini kuanzia Juni mpaka Septemba zipo ziara 35 na saini 35, na tatu miongoni mwake zinataja namba za kompresa mpya. Mali bila daftari hupotea bila habari, tumeambiwa tangu utotoni, nami siku zote nilidhani hiyo ni methali ya wenye maduka. Yule meneja kijana alilifungua daftari ukurasa baada ya ukurasa bila ya kusema neno, na wiki iliyofuata ndipo ile barua ya 12,940,000 ilipokuja.

Wenzangu wanaofanya kazi na taasisi za umma wajue kwamba kwao mambo ni mazito zaidi. Tunayo sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma, Namba 11 ya 2016, na mkataba wa serikali una njia yake ya kupita kabla haujarefushwa. Neno la ofisa anayekupenda kwenye korido halirefushi kitu, hata awe na cheo gani, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kuulizwa kwa nini alikuruhusu. Sina la kuongeza hapo, kwani kazi za serikali nimefanya chache.

Upande wangu nimebadilisha mambo mawili. La kwanza ni bima, ambayo sasa naikata kwa mwaka na kwa kazi zangu zote, si kwa mkataba mmoja mmoja. Ni ghali zaidi na ninalala. La pili ni barua. Siku 60 kabla ya mkataba wowote kwisha, mteja hupata barua yangu ya ukurasa mmoja, na maneno yake ni haya:

“Mkataba wetu wa matengenezo unamalizika tarehe iliyotajwa hapo juu. Tuko tayari kuendelea. Tunaomba mtuandikie kwa maneno yenu, wiki mbili kabla ya tarehe hiyo, kazi gani tuendelee nayo, mpaka lini, kwa kiwango gani, na nani mwenye mamlaka ya kutuagiza. Tusipopata maandishi hayo, ziara yetu ya mwisho itakuwa siku ya mwisho ya mkataba, na funguo za vyumba vya mashine tutazikabidhi mapokezi siku hiyo saa kumi jioni.”

Hayo maneno “kwa maneno yenu” nimeyatia kwa makusudi, na nilipoyapata ni katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo tumeisikia ikisomwa tangu utotoni kwenye chuo cha Qur'ani na tukaiacha pale pale chuoni. Aya ile inaamrisha deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, lakini inasema pia kwamba anayesomesha, yaani anayetamka, maneno ya kuandikwa awe ni yule anayedaiwa. Kwa miaka yote nilikuwa nikiandika mimi rasimu na kumpelekea mteja aitie saini, naye anaiona kama mtego, anaipeleka kwa mwanasheria, mwanasheria anaipeleka Ulaya. Mteja anapoandika mwenyewe mistari mitano hapati cha kushuku, nami napata kile nilichokihitaji, yaani kauli yake. Haya yangu nayo inapumua, kwani simwambii mtu kwamba simuamini, ila namuomba aniagize kazi.

Na aya hiyo hiyo imeacha mlango kwa biashara ya mkono kwa mkono, kwamba hapana ubaya msipoiandika. Mlango huo nautumia kwa mteja mmoja tu, bibi mmoja mjane mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita ndani ya Mji Mkongwe. Hatujawahi kuandikiana. Kiyoyozi kikiharibika ananipigia, naenda, natengeneza, na kabla sijamaliza kunawa mikono fedha ziko juu ya meza ya kahawa zimebanwa na kijaluba, zimehesabiwa. Siku akiniambia “mwanangu, nitakupa mwezi ukiisha”, siku hiyo nitamuomba kalamu, na najua atacheka.

Ama hoteli ile ya mashariki, mwezi wa Februari tulirudiana. Meneja kijana aliniita mwenyewe baada ya fundi aliyemleta badala yangu kuchoka na safari, tukatia saini mkataba wa mwaka mmoja kwa 3,900,000, na ndani yake kimo kifungu ambacho alikisomesha yeye na karani akakipiga chapa mbele yetu: muda ukiisha na pande zote mbili zikaendelea, masharti yote ya mkataba huu, pamoja na kiwango na faida ya vipuri, yataendelea mwezi hadi mwezi kwa muda usiozidi miezi mitatu, na upande wowote unaweza kuusimamisha kwa taarifa ya maandishi ya siku 14. Nilimuuliza kwa nini miezi mitatu. Akasema: “Ili nisije nikakusahau, mzee wangu.”

Mkataba huo unakwisha tarehe 31 Januari. Barua yangu niliipeleka kwa mkono tarehe 2 Disemba, nikasainiwa nakala. Leo ni tarehe 9, kaskazi limeanza, hoteli imejaa, na bado sijajibiwa.